Tovuti Inayolala Mchana

"Umekosea mkia, afande," fundi simu alisema. "Kichwa cha anwani ni sawa, ila huku mwisho umeandika vitu vyako."

Inspekta aliukodolea macho mkia huo. Tangu asubuhi alikuwa akigonga herufi na tarakimu zisizofanana na neno lolote la binadamu, na mwalimu wake alikuwa huyu huyu fundi, ambaye kwa mujibu wa hati iliyokuwa ikisubiri sahihi ya Mkuu wa kituo alikuwa msafirishaji wa binadamu. Pingu alimvua mwenyewe. Mtu hawezi kukuelekeza kwenye kompyuta huku amefungwa kama mbuzi wa mnada.

"Nieleze tena," Inspekta alisema. "Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Hiyo rahisi," fundi akajibu, akaona jicho alilotupiwa, akajirudi haraka. "Samahani, afande. Intaneti ya kawaida, ukienda mahali, mwenye mahali anaona umetokea mlango gani. Sasa kivinjari hiki kinakupitisha kwa majirani watatu. Wa kwanza anajua umetoka wapi, hajui unakwenda wapi. Wa katikati hajui lolote, yeye anapokea na kukabidhi. Wa mwisho anajua unakokwenda, ila wewe hakujui. Na tovuti za siri zinajificha hivyo hivyo upande wao. Hata uzitafute mpaka kesho, huzipati. Unapewa anwani mkononi na mtu anayekuamini."

"Na wewe ndiye uliyempa mke wa mkandarasi."

"Mimi niliuza flashi yenye kivinjari. Anwani hiyo simo. Flashi nimewauzia wanafunzi, nimemuuzia mwandishi wa habari, nimemuuzia na bwana mmoja mwenye wake wawili ambao mpaka leo hawajajuana. Kisu kinakata nyanya na kinakata mtu. Mimi ni muuza visu."

Maneno hayo angeyasema mbele ya hakimu, yangemponza. Mkandarasi ndiye aliyeleta flashi ile kituoni. Mkewe na mtoto wao walikuwa wametoweka, na flashi akaikuta ndani ya kopo la unga. Humo mlikuwa na kivinjari cha kuficha nyayo na anwani ya tovuti moja tu. Ukurasa wake ulikuwa mweupe, hauna picha wala rangi, una maneno machache: *Kama nyumbani hakuna usalama, bisha hodi hapa. Usiandike jina lako.* Mkuu wa kituo aliyasoma, akasema wauza watu ndivyo wanavyotega. Inspekta hakuwa na la kubisha. Mtego mzuri hufanana na msaada, na mama yule huenda alikuwa ametoka kwenye moshi akaingia motoni, na mtoto mkononi.

Kilichommaliza fundi ni usingizi. Tovuti ile ilikuwa ikizimika kila siku saa sita mchana na kurudi saa nane, na duka lake nalo lilifungwa saa hizo hizo ili alale. Mkuu akajumlisha, akapata mhalifu. Ofisi ya umeme walikwisha kujibu kwamba hakuna mtaa unaokatiwa umeme saa hizo. Basi Inspekta akaomba jaribio moja kabla ya mashtaka: mashine zote za dukani zifungiwe kwenye kabati la vielelezo, fundi akae mbele yake, waone.

Mpaka sasa tovuti ilikuwa hewani, mashine zikiwa kabatini. Hilo peke yake lilitosha mtu mwenye akili amwachie fundi. Lakini Mkuu alikuwa na akili na pia alikuwa na waandishi wa habari aliowaita jioni.

Inspekta akabonyeza, mkia ukiwa bado na makosa yake. Ukurasa ukafunguka polepole, na katikati ya weupe yakatokea maneno haya:

*Mgonjwa amelala. Nenda kwa jirani.*

Fundi akacheka. "Huyu naye ana vituko! Wenzake wanaandika ukurasa haupo, basi."

Inspekta hakucheka. Mkono wake ulibaki hewani juu ya kibodi. Kabla hajaushusha saa ya ukutani ikafika sita, ukurasa ukapotea, na kile kiduara cha kuomba subira kikaanza kuzunguka.

"Umeona, afande? Imekwenda kula bila mimi."

Lakini afande hakuwa tena chumbani mle. Alikuwa amerudi miaka mingi nyuma, kwenye intaneti kafe ya mtaa wa nyuma ya posta, yenye vibanda vya mbao laini na feni moja iliyogeuka kila upande isipokuwa kwako. Aliusikia ule mlio wa kuunganisha laini, kama paka aliyekanyagwa mkia, na wateja wote wakinyamaza kuomba ukubali. Aliisikia sauti ya mwenye kafe kutoka kaunta: "Laini imerudi! Kila mtu akae kwake!" Kwa sauti hiyo mji mzima ulimwita Mama Laini, japo hapakuwa na chochote laini kwake. Kompyuta ikiharibika hakuandika "mbovu" kama watu wengine. Alibandika karatasi kwenye kioo, maandishi mekundu: *Mgonjwa amelala. Nenda kwa jirani.* Na saa sita mchana alizima mashine zote, awe amekaa mteja au amekaa waziri, akawasukuma nje. Mashine nazo zina kichwa, alisema, zipoe mpaka saa nane.

Inspekta aliushusha mkono. Asubuhi ile hakuwa amejiandaa kuikumbuka furaha.

Alisimama, akamwita askari wa zamu. "Mpe huyu chakula. Na Mkuu akiuliza hati, mwambie Inspekta ameomba asitie sahihi mpaka arudi."

"Na mimi, afande?" fundi aliuliza.

"Wewe lala. Si saa zako?"

Kwenye benchi la nje alikuwapo mkandarasi, kama kawaida yake, shati limenyooshwa, picha ya mkewe na mtoto ameipakata. Askari wote walimhurumia. Hakuwahi kupiga kelele wala kumtusi mtu. Alisimama mara moja.

"Mmejua wako wapi?"

"Bado, bwana."

"Ukipata anwani, afande, nipigie mimi kwanza. Nikawachukue mwenyewe."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akapita. Kila alipozungumza na mtu huyu alibaki na hisia kwamba kuna kitu kimekosekana, kama mboga iliyosahauliwa chumvi, na kila mara alishindwa kukitaja. Alirudi ndani, akaiacha simu yake kwenye droo ili isimwoneshe mtu anakokwenda, akaifunga kwa ufunguo, ndipo akatoka.

Kafe ilikuwa imegeuka duka la magodoro. Palepale kaunta ilipokuwa palikuwa na godoro limesimamishwa, limevaa nailoni. Inspekta aliangalia sakafu. Vigae vilikuwa vile vile, na mstari mweusi wa viti vya wateja haukuwa umefutika. Muuza magodoro alimwambia kwamba mwenye nyumba anakaa uani, chumba cha mwisho. "Lakini saa hizi hapokei mtu," akaongeza. "Ni mkali yule bibi."

Mlango ulikuwa wazi nusu, na pazia limeshushwa.

"Hodi!"

"Nimefunga!" sauti ikajibu toka ndani. "Njoo saa nane."

Inspekta akatabasamu bila kutaka. Washukiwa wengine ungewahoji siku nzima wasikupe maneno matatu kama hayo.

"Si mteja, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Pazia likavutwa. Mama Laini alikuwa amepungua mwili, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, lakini macho hayakupungua kitu. Yalianza na miguu ya mgeni. "Viatu vya polisi," akasema. Kisha yakapanda mpaka usoni, yakakaa huko. "Ngoja. Kibanda cha dirishani. Baba yako dereva wa malori, nchi za watu."

"Ndiye mimi, mama."

"Ulikuwa ukiandika kwa vidole viwili."

"Mpaka leo."

"Nilijua hutaacha. Kaa."

Kulikuwa na kitanda, cherehani, na pembeni, chini ya kitambaa cha kufuma, kompyuta ya zamani, plastiki yake imekuwa ya manjano kama jino la mvutaji. Inspekta hakuketi. Aliinua kitambaa, akaweka kiganja juu ya mashine.

"Ina joto bado."

"Ilikuwa kazini."

"Kazi gani?"

"Umekuja unajua, mwanangu. Usinichoshe." Mama Laini akaketi kitandani, akaivaa miwani yake. "Mimi nikakufundisha kutafuta, leo unanitafuta mimi. Nani amekwambia?"

"Umeniambia wewe. Saa sita unazima, saa nane unawasha. Na bango lako umelibandika mlangoni, nikakosea anwani nikalisoma."

Mama Laini akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjinga mimi! Nimejificha nyuma ya majirani watatu, nikasahau kwamba mgonjwa anaongea usingizini."

"Mke wa mkandarasi, mama. Na mtoto."

Kicheko kikaisha.

"Pale kaunta," Mama Laini alisema, "nilikuwa naona migongo tu. Mgongo wa mtu nausoma kama wewe unavyosoma faili. Mwanamke anayeandika huku sikio liko mlangoni nilimjua. Alikuja, aliandika kwa dada yake, kwa mama yake, akaenda zake, na nyumbani hapakuwa na ushahidi. Sasa simu zimekuja, kafe zimekufa. Simu imewaletea intaneti mkononi, na mkono wenyewe umeshikwa na mume. Anakagua kila kitu. Waende wapi? Nikajifunza haya mambo ya kujificha. Uzee huu, na kitabu cha kuazima."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Mama."

"Sijui kweli. Mimi nampokea, namkabidhi kwa jirani. Jirani naye ana jirani yake. Nilipanga hivyo makusudi, siku akija mtu wa viatu kama vyako, nisiwe na la kumwambia hata akinivunja kidole."

"Basi nisikilize na wewe." Inspekta aliketi kwenye kiti cha cherehani, wakawa uso kwa uso. "Jioni hii fundi simu asiye na hatia anapelekwa kushtakiwa. Mume yuko kituoni analia picha mkononi. Na hujui jirani wa jirani yako ni nani. Huenda ni mtu mwema. Huenda ni mchinjaji aliyejifunza kuandika vizuri. Sitaki anwani. Nataka nimsikie yeye mwenyewe, nijue yu hai na hakuna aliyemshikilia. Nikipata hilo, faili langu linafungwa na mlango wako hakuna atakayeujua."

"Na usipopata?"

"Nitakuja na gari."

Mama Laini aliivua miwani, akaifuta kwa nguo yake. "Baba yako alikuwa na ukweli huo huo," akasema. "Tutafungua saa nane."

Kwa hiyo wakasubiri. Mama Laini akachemsha chai kwenye jiko la pembeni, na kwa kuwa hakuna anayeweza kusubiri bila kusema, wakasema ya zamani. Walikumbuka yule bwana aliyekuwa akipiga magoti mbele ya kompyuta kabla ya kufungua barua za mchumba. Walimkumbuka mama mmoja aliyeishika skrini kwa mikono miwili alipoiona sura ya mwanawe, picha ikishuka kipande kipande, paji la uso kwanza, na kafe nzima ikasubiri kidevu.

"Na barua za baba yako," Mama Laini alisema. "Ndefu zile!"

"Nusu ilikuwa salamu," Inspekta alisema. "Mzima wewe? Mama mzima? Wadogo zako wazima? Bibi mguu umepona? Mimi dakika zinakwisha, naye hajafika kwenye habari. Nilikuwa naruka mistari."

"Ile ya mwisho hukuruka."

"Ile hapana." Ilifika siku mbili baada ya habari za ajali iliyomuua baba, ilikuwa imekwama njiani na laini mbovu. Ilikuwa salamu tupu, na ilikatika kabla ya habari. Inspekta aliisoma mpaka wateja wengine wakaondoka, na Mama Laini akaja kimya nyuma yake, akaisimamisha ile saa ya pembeni ya kioo iliyohesabu dakika za malipo, akaenda zake. Kwa nini hakuwahi kurudi kumshukuru? Maisha tu, na aibu ya kulia mbele za watu. Sasa alitamani kuisikia tena ile salamu ndefu, kila mstari aliouruka.

Kikombe kikatua mezani kwa kishindo.

"Nini?" Mama Laini aliuliza.

"Hajauliza," Inspekta alisema.

"Nani?"

"Mume. Kila siku yuko pale benchini. Wako wapi, mmejua wako wapi, nipe anwani. Hajauliza hata mara moja kama ni wazima." Chumvi iliyosahauliwa ilikuwa hiyo. "Mtu aliyeibiwa mke na mtoto kitu cha kwanza anachoogopa ni maiti. Huyu haogopi hilo, mama. Anajua fika kwamba hawakuibiwa, walimkimbia."

Saa nane Mama Laini akabonyeza kitufe, mashine ikakoroma, ikaamka. Inspekta alivuta kiti kingine, akaandika kwa vidole vyake viwili. Alipokagua nyumba ya mkandarasi alikuwa ameona kitu ambacho hakukiandika popote, kwa sababu hakikuonekana kuwa na maana. Akauliza: *Nyuma ya mlango wa chumba cha mtoto kuna nini?*

Swali likaenda kwa jirani, na jirani akalipeleka mbele mpaka kwa mama yule. Mama Laini alirudi kwenye cherehani, akashona pindo zima la gauni. Alikuwa ameanza la pili jibu lilipofika.

*Alama za penseli za urefu wa mwanangu. Zote zimenyooka isipokuwa ya mwisho, imepinda. Hiyo niliichora kwa mkono wa kushoto. Muulize baba yake wa kulia ulikuwa na nini. Sisi tuko salama, tumekuja kwa miguu yetu. Tafadhali usitutafute.*

Ilikuwa kweli. Mstari wa mwisho ulikuwa umepinda, na Inspekta, mpelelezi wa kusifiwa, alidhani mtoto alitikisika. Aliusoma ujumbe mara ya pili, hakuruka neno. Kisha akaandika: *Nimeelewa. Mbaki na amani.*

"Mama, bado mawili," alisema akisimama. "La kwanza, acha kuzima mchana. Si mimi peke yangu mwenye saa."

"Itaungua! Hii ni ya zamani."

"Kuna fundi simu mmoja anatoka mahabusu leo. Atakuletea feni, na midomo yake nitaifunga mwenyewe. La pili..." Hapa sauti yake ilimsaliti kidogo. "Lile bango, liondoe."

"Lile silitoi. Lile ndilo kafe yangu yote iliyobaki."

"Najua. Nusu ya mji huu ilijifunza kompyuta kwako, mama. Nililitambua mimi, na yule mume anaweza kulitambua. Flashi amekaa nayo kabla ya kuileta kwetu."

Mama Laini aliinuka. Aliisogelea mashine, akafungua ukurasa ule, akausoma kwa midomo bila sauti. Akafuta neno moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo, na mahali pake akaandika: *Ukurasa haupo.* Inspekta alitazama nje mpaka alipomaliza. Walipoagana Mama Laini alimshika mkono, akauachia haraka, kama zamani alipokuwa akirudisha chenji.

Kituoni, Mkuu alikuwa ameshika kalamu. Inspekta alimsogezea karatasi: mke wa mkandarasi amepatikana, ni mtu mzima, ameondoka kwa hiari yake, hataki mahali alipo pajulikane; jaribio limeonesha tovuti ilifanya kazi mashine za mshukiwa zikiwa kabatini. Mkuu alisoma, akafikiria waandishi wake wa jioni, akaguna.

"Niwaambie nini sasa hao?"

"Nipe dakika chache, Mkuu. Huenda wakapata habari bora."

Akatoka nje. Mkandarasi alisimama kabla hajamfikia, picha mkononi, macho yakimcheka kwa matumaini.

"Umewapata! Naona usoni kwako. Wako wapi?"

"Ni wazima," Inspekta alisema. "Hukuuliza, lakini ni wazima."

Akaufungua mlango wa chumba cha mahojiano, akausimamia, mkono wake ukimwonesha kiti.

"Ingia, bwana. Tuanze na mkono wake wa kulia."